Mashua zimefika, majina ya manahodha yako wapi?

Jaribu hili siku ukifika Lamu. Simama ukingo wa bahari, karibu na jeti, uliza watu watano nani alishinda mbio za mashua mwaka uliopita. Mimi niliuliza wakati wa tamasha la utamaduni la Novemba. Nikapata majibu manne tofauti, na wa tano akaniuliza kama nanunua samaki. Mmoja aliapa kuwa ni mashua ya Matondoni. Mwingine akasema hao wa Matondoni hawajashinda tangu yeye aoe, na sasa ana watoto watatu. Wa tatu alikumbuka rangi ya tanga, jina la chombo likamponyoka. Wa nne, barobaro wa rika langu, alitoa simu akanionyesha video safi ya droni, mashua kumi na kitu zimelala upande mmoja, povu jeupe, muziki mtamu chini yake. Nikamwuliza hiyo ya mbele ni ya nani.

"Hiyo sijui kaka. Lakini video ilipendwa sana."

Basi hoja yangu leo ni hiyo tu. Lamu kuna michezo mikali ya kiwango cha kulipia tiketi, inayochezwa na watu wenye ujuzi ambao mimi na wewe hatutaupata hata tukipewa miaka kumi, na hakuna anayejua majina yao ikishapita Jumatatu.

Kwa wasee wa Nairobi na Nakuru ambao hamjafika, niwachoree picha kidogo. Mji wa Lamu hauna uwanja wenye majukwaa unaoijua wewe. Uwanja ni ukingo wa bahari wenyewe, ile njia ndefu ya mawe inayopita mbele ya mji kutoka Mkomani hadi Langoni. Watu wanakaa juu ya ukuta, miguu inaning'inia majini. Watoto wako juu ya mashua zilizofungwa. Kina mama wako madirishani ghorofani, na ukidhani hawafuatilii, subiri punda wa mtaa wao apitwe usikie. Hakuna tiketi, hakuna kiti cha wageni mashuhuri isipokuwa lile hema moja la wakubwa, ambalo kwa bahati mbaya yao limewekwa mahali pabaya pa kuonea. Kwa Sh100 nilipata viazi vya karai, juisi ya ukwaju na nafasi nzuri kuliko ya mheshimiwa.

Ratiba ilisema punda saa tatu asubuhi. Saa nne na nusu punda mmoja wa mashindano alikuwa bado anatafuna maganda ya ndizi nyuma ya duka. Nilizoea, Pwani tunajuana.

Mbio za punda watu huzicheka, na kweli zinachekesha. Kuwapanga tu mstarini ni kazi ya watu wazima ishirini. Walipoachiliwa, mmoja aligeuka akaingia kichochoroni na mpandaji wake mgongoni, wakapotea moja kwa moja. Mtangazaji hakukosa neno: "Huyo amekumbuka ana mzigo wa mchanga hajapeleka!" Mji mzima ukavunjika mbavu. Lakini ukiacha kucheka ukatazama, utaona kitu kingine. Hawa vijana hawana matandiko, hawana hatamu ya maana, ni kamba na kifimbo kifupi. Mpandaji anakaa nyuma kabisa, karibu na kiuno cha mnyama, anambana kwa magoti na kumwongoza kwa uzito wa mwili wake. Njia ni nyembamba, upande mmoja ni ukuta, upande mwingine ni bahari, na watu wamesimama ndani ya njia mpaka sekunde ya mwisho kabisa. Yule aliyeshinda alimpita mwenzake kwenye nafasi ambayo mimi nisingepitisha mkokoteni. Umri wake nadhani miaka kumi na sita.

Akabebwa juu juu. Akapewa bahasha na mtu mwenye miwani ya jua. Mtangazaji akamtaja kwa mtaa wake na rangi ya fulana yake. Basi. Kesho yake asubuhi nilimwona Langoni na punda yuleyule, mifuko miwili ya saruji kila upande, anapiga kelele watu wapishe njia. Bingwa wa jana huyo, na hakuna hata mtu mmoja aliyegeuza shingo.

Hebu tuwe wakweli zaidi. Punda wa Lamu ana hospitali yake tangu 1987, ile ya shirika la Donkey Sanctuary, pale ukingoni, anatibiwa bure. Jambo jema sana na liendelee. Lakini yule kijana aliyeanguka katika raundi ya pili, goti likachunika hadi nyama ikaonekana, alioshwa kwa maji ya bahari na mjomba wake. Hakuwa na kofia ya kukinga kichwa. Sijui kama angegonga ukuta badala ya mchanga leo ningekuwa naandika makala ya aina gani. Kule Ghuba walikuwa wakipandisha watoto wadogo juu ya ngamia wa mbio, mpaka dunia ikapiga kelele, na kufikia mwaka 2005 Falme za Kiarabu zikapiga marufuku walio chini ya miaka 18, zikaweka roboti ndogo mgongoni mwa ngamia. Mimi sitaki roboti Lamu, Mungu apishe mbali. Nataka mtu mmoja mwenye kalamu ambaye kabla ya mbio anauliza jina, umri, na nani wa kupigiwa simu ukianguka. Kazi ya dakika mbili kwa kila mpandaji.

Mchana ukaingia, adhana, watu wakaswali, wakala, mji ukalala kidogo. Halafu ikaja ile niliyoisafiria kwa basi kutoka Mombasa hadi Mokowe na boti juu yake.

Mashua.

Nilikuwa nimesimama mahali pazuri kwa picha. Mzee mmoja aliyeketi barazani, kofia ya vito, fimbo mapajani, aliniita. "Ndoo uketi hapa, mwanangu. Hapo ulipo utaona matanga tu, mbio hutaziona." Nikampa shikamoo yake, nikakaa. Kwa saa mbili zilizofuata nilipata somo ambalo chuo nilichokiacha mwaka wa pili hakikuwa nalo.

Kwanza, alisema, usitazame chombo, tazama maji. Kati ya mji wa Lamu na kisiwa cha Manda kuna mlango wa bahari, na ndani yake mkondo hautulii. Maji yakijaa yanaelekea huku, yakipwa yanaelekea kule, na siku za bamvua yanakwenda kasi ya mtu anayekimbia. Nahodha mjinga anafuata njia iliyonyooka hadi kwenye boya. Nahodha anayejua anazunguka, anajibanza upande wa mikoko ya Manda ambako mkondo ni dhaifu, anaonekana anapotea, watu wa ukingoni wanaanza kumzomea, halafu unashtuka katokea mbele. Pili, alisema, sikiliza upepo. Novemba kaskazi ndiyo kwanza inaingia, haijakomaa, inakuja kwa pumzi pumzi. Chombo kinachoshinda ni kile ambacho watu wake wanaiona pumzi kabla haijafika, kwa rangi ya maji.

Zilipoanza nikaelewa kwa nini video za droni zinadanganya. Kutoka juu unaona urembo. Kutoka barazani unaona kazi. Kila mashua ina tanga moja kubwa la pembe, limefungwa kwenye foromali, ile boriti ndefu inayoning'inia mlingotini kwa mshazari. Chombo kikilala, mabaharia wanakimbilia upande wa juu, wengine wanatoka kabisa nje kwenye ubao, wanakaa hewani juu ya bahari ili uzito wao ukirudishe. Ndani kuna magunia ya mchanga, hiyo ndiyo farumi, na kila wanapogeuka magunia yanahamishwa upande wa pili, mtu kwa mtu, haraka, bila maneno. Mmoja kazi yake ni kufua maji tu, mwanzo hadi mwisho, kichwa chini, hata haoni kama wanaongoza au wa mwisho. Nilimhurumia huyo kuliko wote. Mzee akaniambia nisimhurumie: "Huyo akichoka, wote wanaogelea."

Mahali pa kutazama ni boya la kugeukia. Pale ndipo mbio zinashindwa. Ukitaka kubisha na tanga la namna hii, foromali yote lazima ivushwe upande wa pili wa mlingoti, tanga likipiga makofi kama limepagawa, na kwa sekunde kadhaa chombo hakina nguvu yoyote, kinaelea tu kama kifuu. Ukikosea mpangilio wa watu wako, mkondo unakuchukua. Mashua tatu zilifika bayani pamoja. Ukingo wote ukanyamaza. Sikia, nimekwenda mechi za Mashemeji, Gor na Leopards, sijawahi kusikia watu wengi hivyo wakinyamaza kwa hiari. Ya kwanza ilivusha foromali mapema mno ikasimama. Ya pili ikaigonga ya kwanza ubavuni, maneno yakatoka ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. Ya tatu ilisubiri, ikapita nje yao wote, nahodha amesimama tezini, usukani kwenye goti, mkono mmoja unaonyesha, mdomo umefungwa. Tanga likavuka, likajaa, wakaenda. Kelele iliyolipuka pale ukingoni ingesikika Mokowe.

"Nani huyo?" nikauliza.

Mzee akamjua. Akamtaja, akamtaja na babake, na chombo cha babake, na mwaka ambao babake alivunja mlingoti mbele ya Shela akaendelea kwa makasia. Alijua historia nzima, imo kichwani mwake, na yeye ana miaka zaidi ya themanini. Vijana wawili waliokaa pembeni yetu, wenyeji, walikuwa wanasikia hadithi ile kwa mara ya kwanza kama mimi.

Kwa nini sasa nitie tenisi katika habari za mashua? Kwa sababu ule ukimya wa pale bayani nimewahi kuusikia mahali pengine pamoja tu, kwenye korti ya tenisi, na tofauti ya kilichotokea baada ya ukimya ndiyo inayoniuma.

Kuna siku nilishinda kutwa nikitazama mashindano ya kimataifa ya tenisi Nairobi, katika klabu moja ya zamani. Mlinzi getini aliniuliza nimekuja kumwona nani, kana kwamba mtu wa viatu kama vyangu haji kutazama mchezo. Ndani tulikuwa watazamaji wachache, wengi makochi na wazazi. Wachezaji wenyewe walikuwa vijana wa umri wangu kutoka nchi ambazo sikuweza kutaja miji mikuu yake, wanafua soksi zao wenyewe hotelini. Hiyo ndiyo tenisi halisi ya watu wengi, si ile ya runinga. Wimbledon mwaka 2025 aliyetolewa raundi ya kwanza ya mchezaji mmoja mmoja aliondoka na pauni 66,000, zaidi ya Sh11 milioni, kwa kupigwa mechi moja. Lakini kwenye daraja la chini kabisa la kimataifa, yale mashindano ya zawadi ya jumla ya dola 15,000, ukitolewa raundi ya kwanza unapata takriban dola 150. Kama Sh19,000 hivi. Nauli ya ndege haitoki hapo.

Kwa hivyo sisemi tenisi ni pepo. Ina kuta, ina mageti, ina walinzi wa kuuliza maswali ya kipuuzi, na mbele ya ukingo wa Lamu wenye viazi karai, klabu ile ilikuwa imekufa. Ila kuna kitu walichonacho. Ubaoni kulikuwa na karatasi ya droo, majina yote, aliyeshinda na aliyeshindwa, seti kwa seti. Kabla mchezaji hajatoka bafuni, matokeo yake yako kwenye intaneti. Ukishinda mechi unapata pointi, na pointi zinakuweka kwenye orodha ya dunia, na orodha ndiyo inayokufungulia mlango wa mashindano yanayofuata. Mtu aliyepoteza siku ile Nairobi, mbele ya watazamaji ishirini na mbwa mmoja, ameandikwa milele.

Angalia kilichotokea kwa Angella Okutoyi wetu. Julai 2022, yeye na Mholanzi Rose Marie Nijkamp walishinda fainali ya wasichana wawili wawili Wimbledon, 3-6, 6-4, 11-9, na Okutoyi akawa Mkenya wa kwanza kutwaa taji la vijana la Grand Slam. Sote tulishangilia. Sasa swali: waliofungwa siku hiyo ni nani? Ni Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko. Mboko, ambaye wazazi wake wametoka Kongo, alikuwa na miaka 15. Agosti 2025 msichana huyohuyo alimpiga Naomi Osaka akabeba ubingwa wa Kanada kule Montreal. Leo mtu yeyote mwenye simu anaweza kurudi nyuma akaona kwamba njia yake ilipita hapo, kwenye fainali aliyoipoteza kwa pointi mbili mbele ya msichana wa Kenya. Tunajua kwa sababu aliyeshindwa naye aliandikwa.

Orodha pia inauma, tusifichane. Okutoyi alichukua dhahabu ya Michezo ya Afrika kule Accra, Machi 2024, na bado Olimpiki ya Paris hakwenda, kwa sababu hakuwa ndani ya 400 bora duniani. Nililalamika siku hiyo kama Wakenya wengine. Lakini walau alijua anachopigania, namba iko pale, anaiona, anaikimbiza. Nahodha wa Lamu anakimbiza nini? Nilimwuliza yule aliyeshinda, jioni, chombo kimeshafungwa, yeye na wenzake wanakausha tanga. Ni mtu wa maneno machache. Alisema zawadi wakigawana watu wote wa chombo, ukitoa kamba mpya na chakula cha siku za mazoezi, inabaki ya kununulia watoto mahamri. Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama anavyosema leo upepo ni mdogo. Kesho alfajiri anarudi kuvua.

Wazee wengine hawapendi mazungumzo haya, na nimewasikiliza. Wanasema mashua ni heshima ya mji na mji, kijiji na kijiji, Shela, Matondoni, Kipungani, na ukileta orodha na pesa utaleta fitina, matajiri watanunua vyombo vya haraka na mabaharia wazuri, na mwenye mashua yake ya kuvulia ataachwa ukingoni akitazama. Hoja hiyo si ndogo. Na kuna wale wa ofisini wanaosema huu ni utamaduni, si michezo, kwa hivyo haufai kupimwa. Hawa wa pili siwaelewi kabisa. Mji wa kale wa Lamu uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, na kila mlango wa kuchonga wa maana umeshapigwa picha, umepimwa, umeandikwa. Mlango umeandikwa na hakuna aliyesema utamaduni umeharibika. Kwa nini mtu aliye hai akiandikwa ndiyo iwe nongwa?

Na tusijifanye kwamba mbio za tanga haziwezi kuwa kazi ya heshima. Vukeni bahari. Tangu 1991 Dubai wana mbio za Al Gaffal, majahazi ya futi 60, kutoka kisiwa cha Sir Bu Nair hadi pwani ya mji wao, kukumbuka wazamiaji lulu walivyokuwa wakirejea nyumbani msimu ukiisha. Zawadi ni za mamilioni ya dirhamu. Vyombo vina namba, matokeo yanatangazwa, na kiongozi wa chombo wanamwita nahodha, kwa matamshi yao tu. Ni watu walewale ambao babu zao walikuwa wakishuka na kaskazi kuja kufanya biashara hapahapa Lamu, ugonjwa mmoja wa tanga na upepo. Wao wana mafuta, najua. Sisemi Kaunti ya Lamu ikope mamilioni kwa ajili ya mashua wakati kuna zahanati hazina dawa. Hofu ya wazee kuhusu matajiri nayo ina dawa yake ya kienyeji: weka mbio za vyombo vya kazi peke yake, chombo ambacho wiki nzima kinavua, na za vyombo vya mashindano peke yake. Wajenzi wa Matondoni wanaijua tofauti kwa kutazama mara moja.

Pesa nitaziachia wenye pesa. Ninachokililia ni jina, kwa sababu jina ndilo linalotangulia pesa. Kampuni ya simu au ya saruji haiwezi kumdhamini "mwenyeji akishiriki mbio za mashua", na hayo ndiyo maelezo utakayoyakuta chini ya picha nyingi za Lamu zinazozunguka mtandaoni. Mwenyeji. Mpiga picha ana jina, hoteli ina jina, hata paka wa Lamu wameandikiwa makala zao. Aliyesimama tezini ni mwenyeji. Wenzangu wa mitandao wenye droni na wafuasi laki moja, mnaposhuka pale Manda uwanja wa ndege mnauliza nywila ya waifai, bei ya boti na jina la hoteli, kila kitu mnakumbuka kuweka alama. Mwulize na nahodha anaitwa nani. Herufi chache tu, haziharibu muziki wenu.

Usiku ule nilipita kwenye bao, karibu na Ngome. Taa moja, watu wawili wazima uso kwa uso, kete zinakwenda mkononi haraka kuliko macho yangu. Ukitaka tenisi Lamu basi ndiyo hiyo, akili mbili, hakuna wa kukusaidia. Ila hapa watazamaji hawanyamazi. Kila mtu ana ushauri, kila mtu angecheza vingine, na refa akijaribu kunyamazisha anaulizwa yeye ni nani. Nilicheka nikaondoka saa sita. Aliyeshinda simjui, nilisinzia kabla ya mwisho.

Sasa nani aandike? Watu wanadhani ni lazima iundwe kamati, iundwe bodi, wakubwa wapande ndege kwenda semina. Hapana. Kwenye fuo za Lamu kuna vikundi vya BMU, vile vya kusimamia ufuo, na karani wao tayari ana daftari. Nilimwona kazini asubuhi ya kuondoka. Chombo kinafika, samaki wanashushwa, mzani unapanda, anaandika: changu kilo kadhaa, pweza kilo kadhaa, kamba mawe kilo kadhaa, jina la chombo, tarehe. Kila siku. Pweza wa Lamu ana kumbukumbu nzuri kuliko bingwa wa Lamu, na aliyemvua pweza na aliyeshinda mbio mara nyingi ni mtu mmoja, chombo kimoja.

Daftari lilelile, ukurasa wa nyuma. Tarehe, chombo, nahodha, mabaharia wote hadi yule wa kufua maji, kijiji, nafasi waliyoshika kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Punda nao ukurasa wao, na umri wa mpandaji. Karani apige picha ukurasa kwa simu, awatumie waandalizi wa tamasha na redio za huko jioni ileile. Januari mosi kuna mbio za Mwaka Mpya Shela, zinaweza kuwa za kwanza kuandikwa. Na kabla mbio hazijafika, kijana mmoja wa hapo mwenye simu yenye nafasi aende barazani kwa yule mzee akamrekodi: vyombo, manahodha, miaka, mlingoti uliovunjika mbele ya Shela. Nilipomweleza wazo hili la ukurasa hakulipinga. Alinirekebisha tu: kuwe na mahali pa kuandika upepo na maji ya siku hiyo, kwa sababu aliyeshinda kwa maji mafu na kaskazi changa hawezi kuandikwa sawa na aliyeshinda siku ya bamvua.